Tovuti ya Mwezeshaji: Ionyeshe Unachofundisha Kabla ya Sura Yako

 

Kwa kawaida hapa tunazungumzia banda, chanjo, bustani na vizimba vya samaki. Leo nazungumza na kundi ambalo linaongezeka hapa Mwanza, nalo ni la wawezeshaji. Ni watu wanaoalikwa na vikoba, SACCOS, AMCOS, makanisa, misikiti na shule kuja kufundisha ufugaji, kilimo au biashara, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Wengine ni watumishi wastaafu. Wengine ni vijana waliosoma MATI Ukiriguru, FETA Nyegezi au SUA. Wengine ni wafugaji wa kawaida waliofanya vizuri, na watu wakataka kujua walifanyaje.

Wengi wao sasa wanataka kuwa na tovuti. Nikitazama zilizopo, nyingi zinafanana: picha kubwa ya mtu mwenye suti na kipaza sauti, maneno ya kutia moyo, na namba ya simu mwishoni. Maoni yangu ni kwamba tovuti ya namna hiyo haimsaidii mwezeshaji wala anayemwalika. Nitaeleza sababu, kisha niseme ninachoona kinafaa.

KWANINI JAMBO HILI LINANIHUSU

Afisa ugani mmoja hawezi kufika kila mtaa kwa wakati. Hapa Kiseke watu wanafuga nyuma ya nyumba, wanalima mchicha kwenye viwanja ambavyo havijajengwa, na wengine wana hisa katika vizimba vya sato ziwani. Kwa hiyo vikundi kumtafuta mtu wa nje aje awafundishe ni jambo jema kabisa.

Tatizo ni pale anapokuja mtu asiyeijua mada. Chukua mfano wa kikundi cha akina mama thelathini. Wamechanga nauli na posho ya mgeni. Mgeni amezungumza saa tatu, watu wamecheka, wamepiga makofi, wametoka na moto. Wiki inayofuata wanatoa akiba ya kikundi na kuagiza vifaranga mia tano. Hakuna aliyewaambia kwamba sehemu ya kulelea iwe na joto kabla vifaranga hawajafika. Hakuna aliyewaambia kuhusu chanjo ya Gumboro katika wiki ya pili. Vifaranga wakianza kufa, mzungumzaji yuko mkoa mwingine. Hasara inabaki kwa akina mama, pamoja na ugomvi wa nani alishauri.

Kikundi kile kingeweza kujua mapema kama mgeni wao ni mtu wa kuhamasisha tu au ni mtu wa kufundisha kazi. Hapo ndipo tovuti nzuri inapokuwa na maana.

"CHEMA CHAJIUZA"

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwamba ukiwa mzuri utaitwa tu. Ni kweli kwa mtu ambaye jina lake limeshasambaa. Ndugu Eric Shigongo, kwa mfano, alishajulikana nchi nzima kwa hadithi zake magazetini kabla ya kuwa mbunge wa Buchosa mwaka 2020. Akipanda jukwaani, ukumbi tayari unamfahamu. Wewe uliyefuga kuku vizuri Nyakato kwa miaka sita hufahamiki Misungwi. Chema nacho lazima kiwe mahali kinapoonekana ndipo kijiuze.

Ila kuonekana si kujisifu. Mtu anayeifungua tovuti yako mara nyingi ni katibu wa kikundi. Ana simu ndogo, bando la siku moja, na kesho atasimama mbele ya wanachama kueleza kwanini fedha zao zitoke. Mtengenezee yeye tovuti. Anataka kujua unafundisha nini, umejifunzia wapi, umemfundisha nani, utawaachia nini, na utawagharimu kiasi gani.

MAMBO NINAYOONA YANAFAA

1. Andika mada kama kazi inayofanyika.
"Siri za kutajirika na kuku" si mada. "Kuchanja kuku wa kienyeji dhidi ya kideri kwa tone la jicho" ni mada. Katibu akisoma ya pili anajua kwamba baada ya somo wanachama wataweza kushika kichupa cha chanjo ya I-2, kutoa tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kukumbuka kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mada nne au tano za namna hiyo zinatosha. Kila moja iwe na muda wake, idadi ya watu inayofaa, na vifaa ambavyo kikundi kitatakiwa kuandaa.

2. Andika pia usichofundisha.
Hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ndilo ambalo watu wanaliogopa. Kama unajua kuku na hujui samaki, sema. Tangu Januari 2024, Rais Samia alipokuja Mwanza kukabidhi boti na vizimba, kila mtu anataka kusikia habari za vizimba, na wazungumzaji nao wamejaa. Lakini kizimba kina vibali vyake, kinahitaji eneo lililochunguzwa, na chakula cha samaki ndicho kinachokula sehemu kubwa ya mtaji. Anayetaja mapato bila kutaja chakula anawapeleka watu kwenye maji asiyoyajua kina. Ukiandika "sifundishi ufugaji wa samaki, nitakuelekeza kwa mwenye ujuzi huo", hujapoteza kazi. Umempa msomaji sababu ya kuyaamini mengine yote uliyoandika.

3. Picha na kiongozi haithibitishi kazi.
Mkuu wa wilaya anapiga picha na watu wengi kwa siku moja. Hata picha ya ukumbi uliojaa haitoshi. Sisi wa huku tunajua mashindano ya Bagalu na Bagika katika sikukuu ya Bulabo pale Bujora: umati ukihamia upande wako, umeshinda. Kwa ngoma hiyo ni haki. Kwa semina ya ufugaji umati haupimi kitu, kwa sababu kuku hajui kama ulipigiwa makofi. Ushahidi wa mwezeshaji ni kilichofanyika baadaye. Andika: kikundi hiki nilikifundisha mwaka fulani, tulifanya hiki, miezi sita baadaye hali ilikuwa hivi. Kama matokeo yalikuwa ya wastani, andika ya wastani. Ukiwa na mifano mitatu ya kweli, imetosha.

4. Weka video fupi ya ukiwa kazini.
Usiweke ile yenye muziki na vipande vya sekunde mbili mbili. Weka dakika tatu mfululizo ukifundisha jambo moja hadi mwisho, ukiulizwa swali na kulijibu. Msomaji atasikia kama unatumia lugha ya watu au unawarushia maneno ya kitabuni. Ataona kama unasubiri mtu amalize kuuliza. Ukiweza kufundisha kwa Kisukuma pia, liseme hilo. Wazee wengi wa vijijini watakuelewa zaidi.

5. Acha vitini palepale.
Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Watu takriban milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza, wakiwa na kijitabu na kiongozi wa kikundi, na baada ya mjadala walikwenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Sauti ya redio peke yake isingefanya hayo. Kulikuwa na maandishi ya kurudia na kazi ya kufanya. Hotuba husahaulika kabla ya Jumapili. Weka kwenye tovuti ukurasa mmoja kwa kila mada: ratiba ya chanjo, vipimo vya banda, orodha ya mahitaji. Mtu apakue bure. Usiogope kuibiwa. Anayesoma kitini kizuri ndiye anayetaka mwandishi wake aje.

6. Sema gharama.
"Piga simu tuelewane" humfanya katibu ahisi bei itapangwa kwa kumtazama usoni. Andika ada ya nusu siku na ya siku nzima, na kwamba nauli na malazi ni juu ya nani. Eleza maeneo unayofika. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mtu wa Ilemela anaweza kwenda Sengerema bila kusubiri kivuko, kwa hiyo sema kama unafika huko kwa gharama ipi. Kama una bei ya chini kwa vikundi vidogo, iandike hadharani ili asiyejua kuomba naye apate.

7. Iwe nyepesi.
Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN na kufunguliwa kwa watu mwaka 1991, ilikuwa maandishi na viungo tu. Bado inasomeka hadi leo kwa simu yoyote. Ya kwako ikichukua dakika nzima kufunguka, bando la katibu limekwisha kabla hajaona mada. Punguza ukubwa wa picha. Video isijianzishe yenyewe. Namba ya simu iwe juu, na ikibonyezwa ipige.

8. Iwe kwa jina lako.
Kurasa za mitandao ya kijamii ni nzuri kwa kutangaza, lakini akaunti inaweza kudukuliwa au kufungwa, na kazi ya miaka ikaondoka nayo. Sajili kikoa chako. Watu binafsi wana .me.tz, na wenye biashara wana .co.tz. Hakikisha usajili uko kwa jina lako na barua pepe yako, usiwe wa kijana aliyekutengenezea. Andika tarehe ya kulipia upya kwenye kalenda ya ukutani.

9. Heshimu taarifa za watu.
Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Usibandike orodha ya mahudhurio yenye majina na namba za simu. Usiweke picha ya mama aliyepoteza kuku wake wote kama "kabla" ya mafanikio yako bila ridhaa yake. Kwa watoto wa shule, uangalifu uwe mara mbili.

"WATEJA WANGU HAWASOMI TOVUTI"

Hili nalo nalisikia, na lina ukweli. Mwenyekiti wa kikundi hatakaa akutafute kwenye intaneti. Lakini atatumiwa kiungo kwenye WhatsApp na mtu aliyekuona ukifundisha, na atakifungua. Halmashauri na mashirika nao hupenda kumsoma mtu kabla ya kumwita. Kwa kazi za serikali kumbuka kwamba tangu mwaka 2023 ununuzi unapita kwenye mfumo wa NeST. Tovuti haichukui nafasi ya kujisajili huko, wala ya TIN na leseni.

Na kama fedha ya tovuti haipo, usikope. Andika ukurasa mmoja wenye mambo haya, uuhifadhi kama PDF, uusambaze kwenye simu. Ukurasa mmoja mkweli unaishinda tovuti ya gharama isiyosema kitu. Ukipata fedha, utauhamishia kwenye tovuti kama ulivyo.

KWA MAKATIBU WA VIKUNDI

Mwisho nazungumza nanyi mnaoshika fedha za wenzenu. Kabla hujamlipa mwezeshaji, iwe ana tovuti au hana, muulize maswali manne. Tutaweza kufanya nini baada ya siku hiyo ambacho leo hatuwezi? Ni kikundi gani umekifundisha ambacho tunaweza kukipigia simu? Utatuachia maandishi gani? Na ni jambo gani katika mada hii wewe hulijui? Akishindwa kujibu la mwisho, usiharakishe kumpa posho. Pia mwalike afisa ugani wa kata yako akae kikaoni siku hiyo, ili mgeni akiondoka abaki mtu anayejua kilichofundishwa.

Nanyi wawezeshaji, msinielewe vibaya. Tunawahitaji sana. Agosti ikifika tutakutana Nyamhongolo kwenye Nane Nane, na wengi wenu mtakuwa pale mkigawa kadi zenye anwani za tovuti zenu. Kabla hamjazichapa, mpeni jirani asiyewajua aifungue tovuti kwa simu yake, kwa bando lake. Baada ya dakika tano muulizeni mnafundisha nini. Jibu lake litawaambia kama kadi zinafaa kwenda kuchapwa.

Tukutane makala ijayo. Kazi njema.