Nusu ya Dawa

Wako watu wasemao kwamba nusu ya dawa ni bora kuliko kukosa. Neno hili ni tamu kwa mwenye mfuko mwepesi, lakini ni uongo, na uongo huu huua mifugo.

Kangari ni nchi ya chai na ng'ombe wa maziwa. Ngamia ni mgeni huko. Lakini ukiuzunguka Mlima Kenya mpaka Isiolo na kuendelea kaskazini, ngamia ndiye maziwa, mahari na akiba ya mwaka wa ukame. Adui yake mkubwa ni surra, ugonjwa wa kijidudu cha damu alichokigundua Griffith Evans huko Bara Hindi mwaka 1880. Pange hukichukua mdomoni kutoka mnyama hata mnyama. Ngamia hukonda, huharibu mimba, hufa.

Dawa za surra ni chache, na suramini imetumika tangu miaka ya 1920. Kipimo chake ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Ngamia wa kilo 500 ahitaji gramu 5. Akipewa nusu yake hutokea nini? Vijidudu dhaifu hufa. Vyenye nguvu husalia, huzaa, na kurithisha nguvu hiyo. Mwenye ngamia hufurahi, kumbe amewachuja maadui na kubakiza mashujaa. Pange hajui mpaka wa zizi: kesho mashujaa hao wamo katika ngamia wa jirani. Usugu huu umekwisha kuonekana Kenya na Sudani.

Wepesi wa ulimi humlaumu mchungaji kwa ujinga. Nakataa. Mchungaji hana mizani ya kumpimia ngamia. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza tiba ya mifugo na kuwaachia watu binafsi; waliofika kaskazini ni wachache. Basi daktari yu mbali, muuzaji yu karibu. Alaumiwe kwanza muuzaji asiyeuliza uzito wa mnyama, na serikali isiyomsogeza daktari.

Wala mwana wa Kangari asicheke. Kupe anyunyiziwaye dawa iliyozimuliwa kupita kiasi hufundishwa somo lile lile.

Mwenye fedha ya kuwatibu ngamia wawili nusu nusu, na amtibu mmoja kikamilifu. Dawa hupimwa kwa uzito wa mnyama, si kwa uzito wa mfuko.