Tamko kuhusu virusi vya mafua ya watoto, kuanzia Moshi mjini hadi vihamba (mashamba ya nyumbani) vya juu



Sisi wanachama wa chama cha walezi wa watoto na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Moshi na miteremko ya Kilimanjaro, tunatoa tamko hili kwa ajili ya jambo lililozoeleka mno. Mtoto anakohoa, tunasema "ni baridi ya mlima", na habari inaishia hapo.

Baridi ipo kweli. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka Kibosho, Machame na Marangu, na watoto hubanana jikoni kwenye moto wa kuni. Lakini kinachotoka pua hii kwenda pua ile ni virusi. Miongoni mwake vimo virusi vinne vya korona vilivyokuwa vikizunguka kati ya binadamu kabla ya UVIKO-19: 229E na OC43, vilivyogunduliwa miaka ya 1960; NL63, kilichotangazwa Uholanzi mwaka 2004 baada ya kupatikana kwa mtoto wa miezi 7; na HKU1, kilichotangazwa Hong Kong mwaka 2005.

Tunajua jina la korona linavyotisha hapa kwetu. Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini aliingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), na shule za msingi zikafungwa hadi mwishoni mwa Juni. Basi tunasema wazi: hivi vinne si kirusi cha UVIKO-19. Watoto wengi huvipata wakiwa bado wadogo, wakapona baada ya siku chache za mafua, kisha wakavipata tena, kwa kuwa kinga yake haidumu. Ila mtoto mchanga, njiti au mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kuzidiwa. NL63 hasa huweza kuvimbisha njia ya hewa kooni, mtoto akakohoa kwa sauti kama ya mbwa anayebweka.

Kwa nini tudai vifuatiliwe, ikiwa wengi hupona? Kwa sababu mji huu umeshaona gharama ya kuupa ugonjwa jina la mazoea. Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Wagonjwa 528 walidhaniwa wana malaria. Vipimo vilithibitisha malaria kuwa ndiyo chanzo kwa wagonjwa 14 tu. Takwimu hizo hutuumiza kila tunapozirudia, maana nyuma yake kuna watu waliomeza dawa ya ugonjwa wasiokuwa nao. Hatutaki kikohozi cha mtoto kifuate njia hiyo, safari hii kwa antibayotiki za duka la dawa, ambazo haziui kirusi chochote.

Kazi ya kuvifuatilia inawezekana. Kilifi, pwani ya Kenya, mwaka 2009 hadi 2010, watafiti walizitembelea kaya 47 kwa miezi 6, wakichukua sampuli za puani mara mbili kwa wiki, kwa wanaoumwa na wasioumwa. Kuhusu RSV, kirusi kingine kinachoshambulia njia ya hewa, waligundua kwamba aliyekipeleka kwa mtoto mchanga mara nyingi alikuwa kaka au dada anayesoma shule. Sampuli hizohizo zilitumika baadaye kutafuta virusi vya korona vya kawaida.

Kwetu njia za maambukizi huenda zikawa nyingine. Kila Desemba ndugu hurudi kutoka Dar es Salaam na kwingineko, nyumba ya watu watano ikalaza ishirini, na Januari shule hufunguliwa. Je, virusi hupanda mlimani na wageni wa Krismasi, au hushuka na wanafunzi? Swali hili linastahili jibu lililopimwa hapahapa.

Kwa hiyo tunaziomba mamlaka za afya na taasisi za utafiti zichukue sampuli mwaka mzima, katika zahanati za juu pia, Rombo hadi Siha, si hospitali za mjini peke yake. Mzazi aombwe ridhaa kwa lugha anayoielewa. Na majibu yarudi kijijini. Tumechoka kuona sampuli zikishuka mlimani bila majibu kupanda.

Kwa wazazi: mtoto akishindwa kunyonya, mbavu zikididimia anapovuta pumzi au midomo ikigeuka rangi, mpelekeni kituo cha afya usiku huohuo. Msisubiri asubuhi.

Nasi hatutakaa tukingoja. Kuanzia msimu ujao wa baridi kila mlezi mwanachama ataweka daftari: siku kikohozi kilipoanza, umri wa mtoto, nani mwingine nyumbani anaumwa, nani amesafiri. Majina hayataandikwa. Kila mwisho wa mwezi daftari litapelekwa kwenye zahanati ya karibu.