Kahawa ya Mgeni si Hongo

Wazazi wapenzi, juma hili tuzungumze juu ya somo ambalo shule zetu za Karagwe na Kyerwa hulifundisha, nasi nyumbani twalibomoa pasipo kujua. Ni somo la kupinga rushwa.

TAKUKURU ina klabu za wapinga rushwa katika shule za msingi na za sekondari, tena imeshirikiana na Chama cha Skauti kuwafunza vijana. Kazi njema. Lakini mwulize mtoto wa klabu rushwa ni nini, mara nyingi atajibu kama kasuku kwamba ni adui wa haki. Haya, adui huyo anafananaje? Anakaa wapi? Hapo kimya.

Hata viboko havikutosha. Mwaka 1963 nchi yetu ilitunga sheria kwamba mla rushwa afungwe miaka isiyopungua 2 na kuchapwa viboko 24, nusu akiingia gerezani na nusu akitoka. Wazee waikumbuka. Walakini Tume ya Warioba ilipotoa taarifa yake mwaka 1996, iliikuta rushwa kwa wakubwa na kwa wadogo.

Basi mimi naona mtoto aanzie kwenye kile akijuacho. Na mtoto wa huku ajua nini kuliko kahawa?

Mgeni akifika, mama huleta kahawa ya kutafuna. Mtoto aona, naye ajifunza ukarimu. Kesho yake asikia baba akisema amempelekea ofisa "chai" ili apate mhuri, na kwamba mkono mtupu haulambwi. (Maskini methali, jinsi ilivyogeuzwa kuwa wakili wa wala hongo!) Kwa mtoto, chai ile na kahawa ile ni heshima moja. Wala si watoto tu waliochanganyikiwa: sheria yetu ya uchaguzi iliwahi kuruhusu "takrima" kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006.

Mwalimu awaulize hivi: Kwa nini kahawa hutolewa mbele ya watu wote, na bahasha hutolewa chini ya meza? Mgeni asipopewa kahawa, atakunyima haki yako? Na mhuri ule, ni mali ya ofisa? Awaache wabishane. Wataipata tofauti wenyewe, nao hawataisahau.

Kisha wapige hesabu. Tuseme baba ana kilo 60 za kahawa, mizani yasema 57, na kilo moja ni shilingi 3,000. Zimepotea shilingi 9,000. Watu 100 wakipimiwa hivyo, ni shilingi 900,000. Sasa tuseme mkaguzi alikuja akapewa 50,000 asiitazame mizani. Nani kalipa hizo 50,000? Darasa zima litakuwa na jibu, maana watakumbuka daftari wasizonunuliwa.

Mtoto afundishwe pia la kufanya: kuuliza bei halali, kudai stakabadhi, kupiga simu TAKUKURU namba 113, ambayo hailipiwi. Ajue kwamba sheria ya mwaka 2007 humshika mtoaji kama mpokeaji.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi twaona haya kulitaja. Sheria hiyohiyo yakataza mwenye madaraka kudai mwili wa mtu ili ampe haki yake, iwe alama za mtihani au nafasi ya kazi. Binti zetu lazima waambiwe, tena waziwazi, wala si wao tu, hata wavulana. Na klabu isiyompa msichana mtu wa kumwendea, mbali na mwalimu wa shule yake, imemwacha njiani, kwa kuwa huenda anayemsumbua ni mwalimu huyohuyo. Mama, usingoje shule. Mwambie binti yako leo kwamba akija na habari hiyo hatapigwa wala hatalaumiwa. Baba naye aseme vivyo hivyo, kwa kinywa chake.

Na ile bahasha ya "chai", tafadhali, usimtume mtoto kuipeleka. Mpe badala yake stakabadhi za kahawa kutoka chama cha msingi, akae mezani azijumlishe, kisha akuulize maswali. Mengine yatakuwa magumu.