Santuri mpya: za kuchukua na za kuacha

Santuri, ambazo wafanyabiashara wengi walizizika pale kaseti ilipotawala soko na baadaye CD, zimerudi dukani. Nchini Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, ikiwa ni mara ya kwanza kwa santuri kuipita CD tangu 1987. Habari hiyo imewatia watu tamaa. Wapo wanaojiunga na klabu za santuri za Ulaya na Marekani, wakilipa kila mwezi na kuletewa sahani moja, wakiamini wananunua hisa. Hapo ndipo hesabu inapokwenda mrama.

Sahani inayotumwa kwa kila mwanachama si adimu. Anayetaka kuiuza kesho atakutana sokoni na wenzake wote waliopokea sahani hiyohiyo. Tena santuri nzito ni gramu 180 kabla ya jalada na boksi. Gharama ya posta hadi Dar es Salaam au Mombasa, ukijumlisha na ushuru, yaweza kukaribia bei ya sahani yenyewe. Ikiwekwa kwenye stoo ya bati isiyo na dari hupinda kwa joto, na sahani iliyopinda haina mnunuzi.

Mwenye mtaji mdogo ni afadhali achague mwenyewe, moja moja. Ya kwanza kuchukuliwa ni "Siti of Unguja" ya Siti Muharam, iliyotolewa mwaka 2020 na On the Corner, kampuni ndogo ya London. Mwimbaji ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi. Taarab mpya kwenye santuri haipatikani kila siku, na wateja wake wako pande zote mbili za bahari.

Kwa wapenzi wa muziki wa Kongo ipo "Congo Funk!" ya Analog Africa ya Ujerumani, iliyotoka 2024 na kukusanya nyimbo za Kinshasa na Brazzaville za 1969 hadi 1982. Hii haikai dukani muda mrefu, maana wazee wa dansi nao wanaiulizia.

"Sounds of Sisso" ya 2017, singeli ya Mburahati iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ichukuliwe kwa tahadhari. Kijana wa Dar anaisikiliza singeli kwenye simu, bure. Mnunuzi wa sahani yuko Ulaya. Moja inatosha, kumi ni mzigo.

"Mulatu of Ethiopia" ya Mulatu Astatke ilichapwa upya mwaka 2017. Inunuliwe kwa kusikilizwa tu. Faida iko kwenye nakala za New York za 1972, na mwenye nayo asiiuze kwa pupa.

Hilo linawahusu pia wenye sahani za zamani majumbani. Bendi nyingi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania na santuri zao zikachapwa Nairobi. Nyingi zimeuzwa kwa fungu, kama nyanya za jioni, kwa mgeni wa kwanza kubisha hodi. Zifutwe vumbi, zisimamishwe wima kivulini, na bei iulizwe kwanza Nairobi, sahani moja baada ya nyingine.