Dexa, moyo na famasi za barabarani

Kandokando ya barabara ya taifa namba 4 ya Kongo (DRC), kutoka Epulu hadi Mambasa, na kule Bunia mjini, mtu hununua steroidi kama dexa (dexamethasone) au prednisolone bila karatasi ya daktari. Huyu anaumwa mgongo, yule ana pumu, mwingine anataka kunenepa tu. Je, serikali ipige marufuku? Kabla ya kujibu, tuutazame moyo, maana huko steroidi zimepimwa kwa kina.

Seli ya msuli wa moyo ikifa, utando wake hupasuka na vimeng'enya vyake, hasa kreatini kinase, huvujia kwenye damu. Daktari akivipima saa baada ya saa, hukadiria sehemu ya msuli iliyokufa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani waliwapa haidrokotisoni, aina ya steroidi, mbwa waliozibwa mshipa wa moyo. Vimeng'enya vingi zaidi vilibaki ndani ya msuli, na jeraha likapungua. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 1976 Robert Roberts na wenzake waliwapa wagonjwa wa shambulio la moyo methylprednisolone, steroidi nyingine, na waliopewa dozi nyingi walipoteza msuli mwingi kuliko ilivyotabiriwa. Steroidi huzima uvimbe, na uvimbe uletao maumivu ndio pia unaosafisha seli zilizokufa ili kovu lifunge. Ukiuzima mapema, kidonda cha moyo huchelewa kupona. Ni kweli, mapitio ya tafiti ya 2003 hayakuona madhara ya wazi, lakini madaktari hawakurudi kutumia steroidi kwa kawaida kwenye shambulio la moyo.

Kwetu Afrika jambo hili lina sura ya kifua kikuu. Profesa Bongani Mayosi wa Cape Town aliongoza utafiti wa IMPI, uliochapishwa 2014: wagonjwa 1,400 wenye kifua kikuu cha utando wa moyo, wakiwemo wa Kenya na Uganda. Prednisolone haikupunguza vifo. Ilipunguza kukakamaa kwa utando, kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, jambo lisilo dogo kwa mtu anayeishi mbali na daktari wa upasuaji. Ila iliongeza saratani zinazoambatana na virusi vya ukimwi, na theluthi mbili ya wagonjwa hao walikuwa navyo.

Kwa hiyo marufuku naikataa: ingemnyima dawa mgonjwa wa pumu aliyebanwa usiku. Kinachonitia hofu ni muuzaji anayetoa dexa bila kumuuliza mtu chochote. Asajiliwe, afundishwe, na kabla ya kufungua chupa aulize: unakohoa tangu lini, na umeshapima virusi vya ukimwi? Akipata jibu la mashaka, ampeleke mgonjwa kituo cha afya akapimwe makohozi kwanza.