Umeme umekatika, Kilimia kikawaka

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Majaribio yalinibana, na bumu nalo likachelewa (msiniulize). Leo nimerudi na jambo linalonikereketa tangu juzi.

Juzi usiku umeme ulikatika hosteli kwetu. Kelele kama kawaida, halafu wote tukatoka nje, ndoo tukazigeuza viti. Kampasi nzima giza, mwezi bado haujatoka. Nikatazama juu, jamani! Nilishasahau kama nyota ni nyingi namna ile. Nikamwonyesha mwenzangu wa chumbani: "Unaona kale kakundi kalikobanana upande wa kaskazini? Hicho ndicho Kilimia." Akacheka sana. "Hizo si ndiyo zile za gazetini, Nge wiki hii utapata mchumba?" Sikuwa na jibu la haraka. Jibu lenyewe ndilo hili.

Mimi nina ugonjwa wa ramani za nyota za zamani. Nikipata intaneti ya bure maktaba, wenzangu wanatafuta maswali ya mitihani iliyopita, mimi natafuta michoro ya Johann Bayer. Huyu alikuwa mwanasheria wa Ujerumani, akatoa kitabu chake cha Uranometria mwaka 1603, ramani 51. Ukifungua ya Ng'ombe unamkuta dume kainamisha pembe, nyota zimetawanyika mwilini mwake: ile nyekundu ni jicho, na Kilimia kimekaa mgongoni. Kazi ya mkono, na bado kila nyota iko mahali pake.

Sasa kuna watu wanasema hayo ni mapambo tu, sayansi iko kwenye namba. Mimi nakataa. Zamani picha ndiyo ilikuwa anwani ya nyota. Ptolemy wa Alexandria, kwenye karne ya 2, aliorodhesha nyota kwa kutaja kiungo: iliyo begani, iliyo mguuni, iliyo kwenye jicho. Abd al-Rahman al-Sufi, aliyeandika kitabu chake kule Uajemi mnamo 964, alichora kila kundi mara mbili: kama unavyoliona ukiwa chini, na kama linavyokaa kwenye tufe, limegeuzwa. Ndiyo maana hadi leo wanaanga wa dunia nzima wanaita nyota moja Rigel, kutoka neno la Kiarabu la mguu. Hadithi ikipotea, jina linabaki linaning'inia tu.

Na hadithi zenyewe ni tamu! Chukua hicho hicho Kilimia. Wagiriki walisema ni mabinti saba wa Atlas wanaomkimbia mwindaji Orion, na kweli ukikaa nje utaona Orion anapanda nyuma yao, kila usiku anawafukuza na hawapati. Waarabu wa kale wao walikiita Thuraya, bibi mmoja aliyeposwa na Dabarani. Akamkataa, eti fukara. Basi jamaa akakusanya ngamia wake wawe mahari, na mpaka leo anamfuata nao angani. Dabarani maana yake ni mfuataji, na ndiye lile jicho jekundu la ng'ombe wa Bayer. Wakaka mnaolia na mahari, mwenzenu yuko barabarani miaka na miaka!

Na sisi? Sisi hatukuona mabinti wala bibi harusi. Tuliona kulima. Jina lenyewe linasema. Kilimia huzama magharibi jioni kama mwezi wa 5, halafu huzuka tena alfajiri mwezi wa 6, na wazee wa pwani walipima kwacho mvua na jua. Kule Afrika Kusini Waxhosa wanakiita isiLimela, neno la ukoo mmoja na letu, na kwa desturi mwanaume alihesabu miaka yake ya utu uzima kwa isiLimela tangu alipotoka jandoni. Hiyo si ya kwenye gazeti. Hiyo ni kalenda.

Tofauti ni moja. Ya Wagiriki na Waarabu iliandikwa na kuchorwa, tena vizuri mno. Ya kwetu ilikaa vichwani. Kilimia nilionyeshwa na babu mama, nikiwa darasa la 4, tukirudi shamba usiku. Alitaja na nyingine mbili tatu, majina ya kilugha. Mimi nikawa nawahi chakula. Babu amefariki mwaka jana, na hayo majina sikumbuki hata moja. Mama namuuliza, naye hajui. Nikiangalia ramani ya Bayer sasa hivi nafurahi na roho inauma papo hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tuzipende hizo ramani, tusione haya wala tusiseme ni za wazungu, maana nusu ya majina yaliyomo yamepitia Uarabuni. Lakini likizo hii ukienda kwenu, toka nje usiku na bibi au babu, mwulize ile inaitwaje na kwa nini. Uwe na daftari. Chora hata vibaya, mimi mwenyewe ng'ombe wangu anafanana na mbwa.

Umeme umerudi, ngoja nikachaji simu. Mwenye jina lolote la nyota la kwao aniletee, nina daftari jipya. Alamsiki!