Kopo la laki na ishirini halizibui moyo

Haya wadau, kimya kingi kina mshindo. Wiki tatu sijaandika kitu hapa, nilikuwa nauguza. Leo natema nyongo, atakayenuna anune.

Hapa hosteli tunaye mshikaji wa mwaka wa tatu, mwalimu mtarajiwa kama mimi, anauza makopo ya virutubisho kwa mtindo ule wa kuunganisha watu chini yako. Kopo moja laki na ishirini, yaani bumu lako nusu linakwenda. Baba yangu mdogo alikuwa analalamika kifua kinambana akipanda kilima, akisimama kinaachia. Daktari alishamwambia mishipa inayolisha moyo imekuwa myembamba, akamwandikia aspirini, atorvastatini na vidonge vya presha. Namba yake nilimpa mshikaji mimi mwenyewe. Hilo sitalikwepa.

Akamjaza maneno: vidonge ni kemikali, vinaua ini, unga huu ni wa asili na "unasafisha mishipa". Mzee akaacha dozi yote. Wiki ya sita, usiku wa manane, jasho linamtiririka, mkono wa kushoto mzito kama jiwe. Shambulio la moyo. Yupo hai, ila kutembea hadi getini ni safari.

Hivi jamani, kusafisha mishipa maana yake nini? Lehemu haikai ndani ya mshipa kama masizi kwenye bomba la moshi, useme utapitisha brashi. Inajijenga ndani ya ukuta wenyewe, miaka na miaka. Siku ukuta ule ukipasuka, damu inaganda pale pale na kipande cha moyo kinakosa hewa. Aspirini inazuia damu isigande ovyo, atorvastatini inapunguza lehemu na kutuliza ukuta. Huo unga unafanya lipi kati ya hayo? Nilimuuliza mshikaji, akanionyesha picha ya gari alilopewa bosi wake.

Na msiniambie wazungu hawajajaribu. Mwaka 2022 kule Marekani yalitoka matokeo ya utafiti wa watu 190. Wengine walipewa rosuvastatini miligramu 5 tu, wengine mafuta ya samaki, mdalasini, kitunguu saumu, manjano na kadhalika, virutubisho sita kwa jumla. Baada ya siku 28 kidonge kilishusha lehemu mbaya kwa karibu asilimia 38. Kati ya vile sita, hakuna hata kimoja kilichoishusha kwa kiasi cha maana kuliko kidonge bandia. Mtasema pesa ilitoka kwa kampuni inayotengeneza kidonge hicho, na ni kweli, tena siku 28 ni chache. Sawa. Basi chukueni ule wa mwaka 2018, watu 25,871, miaka mitano na ushee, mafuta ya samaki na vitamini D. Havikupunguza kwa jumla matukio makubwa ya moyo na kiharusi.

Mimi siyo adui wa mitishamba. Bibi alinikuza kwa mwarobaini. Dawa za jamii ya atorvastatini zilianzia kwenye ukungu, na digoksini ya moyo imetoka kwenye ua. Tofauti ni kwamba mtu alikaa akapima kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinaua. "Asili" peke yake haina maana. Hata balungi, tunda la watu, linaweza kuzidisha atorvastatini mwilini likakuletea matatizo ya misuli.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi ndio tutaingia darasani kesho. Mwalimu akisema kijijini, watu wanaamini.

Jana usiku mshikaji kanitumia ujumbe: pole sana, mzee anaendeleaje, halafu kuna kopo jipya limeingia, maalumu kwa waliokwisha pata shambulio, kwangu atanipunguzia. Sijamjibu bado. Naogopa nitakachoandika.